Zamu ya Maombi: Kutoka Tukuyu hadi Herrnhut

Treni ya kutoka Dresden ilisimama Bautzen, na kibao cha stesheni kilikuwa na jina la mji kwa lugha mbili: Kijerumani na Kisorbi, lugha ya Waslavi wachache waliobaki kwenye kona ile ya Saxony. Ilikuwa Agosti. Ngano ilikuwa imeshavunwa na mabua yamefungwa marobota makubwa ya duara, yametapakaa mashambani hadi kwenye ukingo wa misitu. Nilishuka Löbau nikapanda basi la kwenda Zittau. Dereva aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia Tanzania. "Moravian," akasema bila kusita, akanirudishia chenji.

Alikuwa amekisia sawasawa. Nimezaliwa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, ambako wamisionari wa Kanisa la Moravian, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, walifika mwaka 1891. Katika ushirika wetu, mzee aliyeongoza maombi ya asubuhi alikuwa na desturi ya kutaja majimbo ya Kanisa duniani, moja baada ya jingine, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Suriname. Labrador. Jamaika. Nikaragua. Nilizijua Suriname na Labrador kabla sijaijua Dodoma. Sasa ushirika ulikuwa umenituma Ujerumani kuwatembelea rafiki zetu wa huko, na kabla ya kurudi nyumbani niliomba nipewe nafasi ya kufika Herrnhut, mahali ambapo desturi ile ya mzee wetu ilianzia.

Mwenyeji wangu alinisubiri kituoni. Ni mama mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika hospitali ya misheni huko kwetu milimani, na Kiswahili chake bado kina baridi ya nyanda za juu ndani yake. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Za safari? Wazee wa Tukuyu hawajambo?" Akaanza kuwaulizia mmoja mmoja. Wengine walikuwa wameshatangulia mbele za haki, na kila nilipomwambia hivyo alisimama kidogo, akafumba macho, kisha akaendelea kulivuta sanduku langu.

Herrnhut ni mji mdogo sana. Nyumba zake ni za paa la mgongo mkubwa, kuta nyeupe au za rangi ya maziwa, na barabara zake unaweza kuzimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Julai 2024 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini na Bethlehem ya Pennsylvania, kwa kuziunganisha na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwa imeshaorodheshwa. Watalii wanakuja. Wengi hununua nyota ya Krismasi ya karatasi inayotengenezwa pale, yenye ncha 25, halafu wanaondoka. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mwaka 1727.

Kabla ya hapo kulikuwa na msitu tu. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, wakiongozwa na fundi seremala Christian David, waliruhusiwa kukaa kwenye ardhi ya kijana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Mti wa kwanza ulikatwa tarehe 17 Juni mwaka huo. Baada ya Wamoravia wakaja wengine wa kila namna, kila mmoja na mafundisho yake na kidonda chake, na kufikia 1727 kijiji kile cha watu kama 300 kilikuwa kinapasuka kwa ugomvi. Walishtakiana uzushi. Walisusiana. Zinzendorf aliacha kazi yake ya serikali huko Dresden akahamia kati yao, akapita nyumba kwa nyumba, na Mei wakatia sahihi makubaliano ya kuishi pamoja.

Tarehe 13 Agosti walikwenda kushiriki Chakula cha Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, kijiji cha jirani. Mama alinipeleka huko kwa miguu, kwa njia inayopita katikati ya mashamba, mwendo usiozidi ule wa kutoka nyumbani kwetu kwenda sokoni. Alikuwa na fimbo na hakuitegemea sana. Ndani ya kanisa lile, watu waliokuwa hawasemeshani walipatana. Wamoravian duniani kote huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa upya kwa Kanisa, na kwetu pia tunaikumbuka.

Kilichonileta kilitokea majuma mawili baadaye. Tarehe 27 Agosti wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kwamba kila saa ya mchana na ya usiku itakuwa na mtu wake wa kuomba. Waligawana saa. Mwenye saa yake aliomba popote alipo, nyumbani au kazini, na mara moja kwa juma wote walikutana kupeana habari za watu na mahali pa kuombea. Watoto nao wakajiwekea mpango wao. Zamu hiyo haikukatika kwa zaidi ya miaka 100.

Ningependa msomaji atulie hapo kidogo. Tumezoea mikesha: usiku mmoja wa nguvu, vipaza sauti, machozi, asubuhi tunapanda daladala tumechoka na tumefurahi. Siidharau mikesha, nimelelewa humo. Lakini hawa walikuwa wafumaji, waseremala na wafinyanzi, waliofukuzwa makwao, hawana akiba. Kila sababu ya kuomba kwa ajili yao wenyewe walikuwa nayo, na bila shaka waliomba mkate na kuni. Juu ya hayo wakajitwika habari za watu wasiowajua, kwa saa maalumu, juma baada ya juma, wakawarithisha watoto wao na wajukuu wao.

Nilimuuliza mama walipata wapi cha kusema muda wote huo. Akanijibu kwa neno moja: "Barua."

Jioni alinieleza zaidi, huku akimenya viazi. Kuanzia miaka ile ya mwanzo Herrnhut ilikuwa na siku maalumu ambapo watu wote walikusanyika kusikiliza barua zikisomwa kwa sauti. Mwaka 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi. Mwaka 1733 wengine walikwenda Greenland, 1735 Suriname, na 1737 Georg Schmidt akafika kusini mwa Afrika. Waliandika barua na shajara, zikachukua miezi baharini, zikifika zinasomwa mbele ya wote: nani ameugua, nani amezikwa, mvua imekataa wapi, nani amekamatwa. Baadaye habari hizo zilinakiliwa kwa mkono zikapelekwa katika sharika nyingine, Ulaya na Marekani. Mwenye zamu ya saa nane usiku hakukaa gizani na neno "dunia" tupu kichwani. Alikuwa na majina.

Nikaielewa hapo hali ya ibada zetu kuliko nilivyowahi kuielewa. Jumapili, mahitaji ya ushirika yanaombewa kwa undani: huyu anasubiri matokeo ya kidato cha nne, yule amelazwa, fulani amekosa ada, binti wa fulani anaolewa Desemba. Tunalia nao. Ikifika zamu ya mataifa, kiongozi anasema "tuombee na amani ya dunia", anakohoa, na imekwisha. Sidhani sababu ni ugumu wa mioyo. Mtu wa Tukuyu ana huruma hadi kwa mgeni aliyeharibikiwa na gari njiani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuletea habari za huyo tunayeambiwa tumwombee, na redio inatupa vita bila jina la mtu hata mmoja.

Siku iliyofuata ilikuwa ngumu. Nilikuwa nimemwomba mama anieleze habari za St. Thomas zote, zisibakizwe. Habari hizo zinaanzia Copenhagen mwaka 1731, Zinzendorf alipokwenda kwenye kutawazwa kwa Mfalme Christian wa Sita. Huko alikutana na Anton, Mwafrika mtumwa kutoka kisiwa hicho, aliyemweleza kuhusu dada yake na kaka yake waliobaki utumwani wakiwa na kiu ya Neno la Mungu. Anton alifika Herrnhut akasimulia mwenyewe. Ni sauti yake iliyowafanya Dober na Nitschmann waondoke. Hadi hapo habari ni njema. Ila mwaka 1738 misheni ya St. Thomas ilinunua shamba pamoja na watumwa waliokuwa humo. Ndugu walioombewa saa kwa saa huko Herrnhut walikuwa, kwa sheria ya Denmark, mali ya Kanisa lililowaombea. Uhuru wa watumwa kisiwani humo ulikuja mwaka 1848.

Mama hakulipamba jambo hilo. Alisema, "Walikuwa wanaomba wakati huohuo," akanyamaza, na mimi sikumsaidia. Nina hakika wengi wao waliomba kwa moyo safi. Nina hakika pia kwamba unaweza kumtaja mtu kwa jina mbele za Mungu kila usiku na asubuhi ukala jasho lake. Mimi ni mjukuu wa watu walioombewa, na swali hilo nililibeba siku nzima: anayeombewa anasema nini? Katika kisiwa kilekile aliishi Rebecca, mwanamke aliyezaliwa utumwani akapata uhuru, aliyepita shamba kwa shamba jioni akiwafundisha wanawake watumwa. Walimfunga gerezani kwa ajili hiyo. Baadaye aliletwa Ujerumani, mwaka 1746 akawekwa wakfu kuwa shemasi, na akamalizia maisha yake katika pwani ya Ghana ya leo. Laiti barua zilizosomwa Herrnhut zingekuwa zimeandikwa na Rebecca zaidi na wenye shamba kidogo, naamini maombi yale yangekuwa na maneno mengine, na huenda mikono nayo ingefanya mengine.

Mchana nilipanda peke yangu kilima cha Hutberg, kwenye makaburi. Yako huko tangu 1730. Mawe yamelazwa chini, yanafanana yote, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, hakuna la tajiri wala la maskini, isipokuwa ya Zinzendorf na jamaa yake yaliyoinuliwa katikati. Nilitembea nikiinama kusoma. Kumezikwa pale watoto waliozaliwa mbali, wazazi wao wakiwa kazini ng'ambo. Kumezikwa pia mtoto Mwafrika wa St. Thomas, Oly Carmel, aliyeletwa Herrnhut na kufariki mwaka 1736. Mchoraji Johann Valentin Haidt alimweka kwenye picha yake kubwa ya 1747, pamoja na wengine wa mataifa mbalimbali waliotangulia. Nilimwombea mama wa Oly. Sijui mtu anamwombeaje mama aliyefariki karne tatu zilizopita, Wamoravian hatuna mafundisho hayo, lakini maneno yalitoka na sikuyazuia.

Jioni ile mama alinipeleka kwenye kikundi chake cha maombezi. Niliwaza nitakuta ukumbi wa ibada, ule mkubwa mweupe wenye mabenchi meupe uliochomwa moto Mei 1945 na kujengwa tena miaka ya hamsini. Tulikwenda sebuleni kwa mzee mmoja. Kulikuwa na watu wasiofika kumi, wengi wenye mvi, chupa ya kahawa, keki ya matunda ya plamu, ramani ya dunia ukutani yenye alama za kalamu, na daftari la jalada gumu. Mwanamke mmoja mwenye miwani alifungua daftari akasoma mambo ya juma lililopita: nini kilijibiwa, nini bado, nani hajaleta habari. Neno "bado" lilisomwa mara nyingi, na hakuna aliyeonekana kulionea haya.

Kisha ikaja zamu ya Nikaragua. Wamoravian wako pwani ya Miskito tangu 1849, na Agosti 2024 serikali ya nchi hiyo ilifuta usajili wa mashirika 1,500 kwa mkupuo, Kanisa lao likiwamo. Kanisa zima, kwa karatasi moja. Mzee mwenye nyumba alisoma habari alizozipata, polepole, mama akinitafsiria sikioni. Wakauliza maswali: wachungaji wanakula nini, shule je, majengo yanaweza kuchukuliwa? Walibishana kidogo juu ya barua fulani, iandikwe au itawaletea wenyeji hatari zaidi. Ndipo wakaomba, kwa sauti ya kawaida, kila mtu sentensi mbili tatu.

Ikaja zamu yangu. Mwenye miwani akashika kalamu. Nikaanza, "Naomba mtuombee Tanzania." Mama akatafsiri, na mwanamke yule akangoja, kalamu juu ya karatasi. Mzee mwenye nyumba akasema jambo, mama akanigeuzia: "Anasema Tanzania wanaiombea siku zote. Tuambie nani, na nini."

Nikawaambia. Daraja la miti kwenye njia ya kwenda kwenye mtaa wetu wa juu limesombwa na mafuriko ya masika, wajawazito wanazungushwa njia ndefu. Kuna kijana amemaliza ualimu, anasubiri ajira, na amekata tamaa hadi amerudi kwenye pombe. Wachumaji wa chai wanalipwa kwa kilo, na mvua ikipitiliza hawalipwi kitu. Na waumini wetu wawili wazee hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa migomba. Hilo la mwisho waliliandika bila kucheka, na mmoja akasema hata 1727 ilianza hivyohivyo.

Nami nikawauliza: sisi tuwaombee nini? Palikuwa kimya. Tangu 1957, Umoja wa Wamoravian duniani ulipotimiza miaka 500, zamu ya maombi imerudishwa kwa namna nyingine: siku za mwaka zimegawiwa kwa majimbo ya dunia yote, ili daima pawe na mahali penye zamu. Kwa hiyo Tukuyu imeshawaombea Wajerumani mara nyingi, kwa jumla. Nilitaka majina. Bibi mmoja aliyekuwa hajasema kitu tangu tuingie alisema wajukuu wake watatu hawajabatizwa na hawaoni wamekosa nini. Mwingine akasema vijiji vinabaki na wazee, vijana wamekwenda magharibi. Mzee mwenye nyumba akasema, "Mtuombee tusiwe watu wa kuwaogopa wageni. Mji huu ulijengwa na wakimbizi, na siku hizi nasikia maneno mabaya hata kwa majirani ninaowapenda." Aliliambia Kanisa la Rungwe jambo la aibu ya nyumbani kwake, na aliliamini litalitunza.

Nikaomba kwa Kiswahili. Nilimtaja kila mmoja wao. Wamoravian sasa ni zaidi ya milioni moja duniani, na zaidi ya nusu yao wako Tanzania. Vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa wamisionari Wajerumani kutoka Rungwe, babu zetu waliachwa na Kanisa mikononi, wakalibeba wao. Kwa hiyo sikuomba kama mgeni aliyealikwa kushukuru. Niliomba kama mtu aliyefika zamu yake.

Asubuhi ya kuondoka, mama alisoma kijitabu cha neno la kila siku, nami nikafungua changu cha Kiswahili. Mistari yake hupigiwa kura palepale Herrnhut, miaka mitatu kabla, kutoka katika mistari kama 1,800 ya Agano la Kale, na chapa ya kwanza ilitoka 1731. Mama alijua kwamba kwetu imeshapita saa moja zaidi, kwamba wameshausoma mstari ule na wako njiani kwenda shambani. Alinifungia keki ndani ya karatasi. Akanipa pia nakala ya ukurasa mmoja wa lile daftari.

Nyumbani, baraza la wazee lilinisikiliza hadi jioni. Wapo waliosema tuna mizigo yetu ya kutosha. Ni kweli, na niliwaambia ni kweli. Tulichokubaliana ni kidogo: kila mwezi sehemu moja tu, na mtu mmoja awajibike kutafuta habari zake, kwa barua au kwa simu au kwa ofisi ya jimbo, na azisome mbele ya ushirika kabla hatujaomba. Aidha, tutaomba nasi tuandikiwe na wale tunaowaombea, wao wenyewe, si kwa kupitia wasemaji. Tulianza na Nikaragua. Kijana wa bodaboda, ambaye hakuwa ameongea tangu mwanzo wa kikao, akajitolea kuwa mtafutaji wa habari, kwa kuwa ana simu yenye intaneti na anakaa kijiweni muda mrefu akingoja abiria.

Ili tugawane saa za kuomba, mzee wa kanisa akachora jedwali la saa kwenye karatasi ya manila. Saa za jioni zilijaa upesi. Saa za usiku wa manane zilibaki wazi, na mzee akauliza mara mbili kuna nani wa saa nane hadi saa tisa. Mama mmoja mjane, mchumaji wa chai, akasimama akasema tangu mume wake afariki saa hizo huwa macho tu. "Niandikeni mimi," akasema. "Ila mniambie kwanza: hao wachungaji wa Nikaragua, wana watoto?"

Kijana wa bodaboda akasema atauliza.